Jerrold Zacharias: Aliyeota saa ya chemchemi na kuacha alama katika madarasa ya Afrika

BARABARA itokayo Embu kwenda Meru hupita Runyenjes, Chuka na Nkubu, Mlima Kenya ukiwa upande wa kushoto, kisha hukata mstari wa ikweta kilomita chache kabla ya kuingia mjini Meru. Msafiri hutazama saa yake mara kwa mara ajue amebakisha muda gani. Haimpitikii kwamba wakati wenyewe hauendi sawasawa katika miji hiyo miwili.

Mji wa Meru umeinuka kiasi cha mita 200 kuliko mji wa Embu. Kwa mujibu wa nadharia aliyoitoa Albert Einstein mwaka 1915, saa iliyo juu huenda kasi kidogo kuliko saa iliyo chini, kwa kuwa mvutano wa dunia hupungua kadiri mtu anavyopanda. Saa mbili kamilifu zikiwekwa, moja Embu na nyingine Meru, ile ya Meru itatangulia kila siku kwa takriban sehemu mbili za sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja. Ikipandishwa hadi kilele cha Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari, itaitangulia ile ya Embu kwa zaidi ya sehemu 30 kama hizo kwa siku.

Hiyo ni tofauti ndogo mno, ambayo hakuna jicho wala saa ya mkononi iwezayo kuitambua. Hata hivyo, katika miaka ya mwanzo ya 1950, kulikuwa na mwanafizikia wa Marekani aliyeazimia kuipima. Nia yake ilikuwa kuweka saa moja juu ya mlima huko Uswisi na nyingine bondeni, kisha kuzilinganisha. Ili aifanye kazi hiyo alihitaji saa ambayo ulimwengu ulikuwa haujaiona, na akaanza kuiunda kwa mikono yake.

Mtu huyo alikuwa Profesa Jerrold Reinach Zacharias. Saa yake haikufanya kazi hata mara moja. Lakini miaka michache baada ya kifo chake, saa zilizojengwa kwa wazo lile lile ndizo zilizokuja kuusahihisha wakati wa dunia nzima, na jina lake linahusishwa pia na jitihada za kubadili ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za Afrika, Kenya ikiwemo.

Mwanzo wa safari

Zacharias alizaliwa Januari 23, 1905, katika mji wa Jacksonville, jimbo la Florida, kusini mwa Marekani. Alikwenda New York kusoma katika Chuo Kikuu cha Columbia, akapata shahada yake ya kwanza mwaka 1926 na ya udaktari mwaka 1933. Alimwoa Leona Hurwitz, mwanamke msomi wa elimu ya viumbe, na wakajaliwa mabinti wawili.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufundisha katika Chuo cha Hunter, kilichokuwa cha wanawake wakati huo. Mshahara ulitoka huko, lakini moyo wake ulikuwa katika maabara ya Isidor Rabi pale Columbia, alikokwenda kila alipopata nafasi kufanya majaribio bila kuajiriwa.

Mwaka 1938 Rabi, Zacharias na wenzao walitangaza njia mpya ya kuchunguza kiini cha atomi. Walipitisha mkondo mwembamba wa chembe ndani ya ombwe, katikati ya sumaku, huku wakizipiga kwa mawimbi ya redio. Chembe hizo hazikuitikia kila wimbi. Ziliitikia wimbi la mtetemo mmoja tu maalumu, kama vile mlango unavyoitikia ufunguo wake na kuukataa mwingine wowote. Rabi alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1944 kutokana na kazi hiyo.

Kutokana na ugunduzi huo lilizaliwa wazo la saa ya atomi. Ikiwa atomi za aina moja huitikia mtetemo ule ule popote zilipo, Nairobi au New York, leo au baada ya miaka 1,000, basi mtetemo huo unaweza kuwa kipimo cha wakati kisichochakaa. Saa ya ukutani hutegemea pendulo au fuwele, na vyote viwili hubadilika kwa joto na umri. Hata dunia yenyewe haizunguki kwa mwendo ule ule kila siku. Atomi haina uzee.

Vita na bomu

Kabla wazo hilo halijatekelezwa, vita viliingilia kati. Mwaka 1940 Zacharias alijiunga na maabara ya rada katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, ijulikanayo kama MIT. Mwaka 1945 alihamishiwa Los Alamos, mahali palipoundwa bomu la nyuklia. Kitengo cha uhandisi wa silaha alichokiongoza kiliitwa kwa herufi ya kwanza ya jina lake, na baadaye kilikua kikawa maabara kubwa ya Sandia huko New Mexico.

Vita vilipokwisha alirejea MIT akiwa profesa na mkurugenzi wa maabara ya sayansi ya nyuklia. Serikali ya Marekani iliendelea kumwita. Mwaka 1950 aliongoza uchunguzi wa namna ya kukabiliana na nyambizi, na mwaka 1952 alishiriki katika mapendekezo yaliyozaa mlolongo wa vituo vya rada kaskazini mwa Kanada.

Mwaka 1954 uaminifu wa Robert Oppenheimer, aliyekuwa mkuu wa Los Alamos, ulipotiliwa shaka na kujadiliwa mbele ya jopo la serikali, Zacharias alifika kumtetea. Ulikuwa wakati ambao kusema neno la kumkinga mtu wa namna hiyo kuliweza kumponza msemaji, na jina lake mwenyewe lilikuwa tayari limetajwa katika tuhuma. Hakurudi nyuma.

Wakati huo, pande za Meru na Embu zilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari zilizotangazwa Oktoba 1952. Wapiganaji wa Mau Mau walikuwa katika misitu ya Mlima Kenya, na wanavijiji wakalazimishwa kuhamia vijiji vilivyozungushiwa mitaro na kulindwa kwa bunduki. Huko saa ilikuwa na maana moja kuu: muda wa kafyu. Aliyekutwa nje baada ya muda huo hakuwa na wa kumtetea.

Chemchemi isiyobubujika

Saa ya atomi ambayo Zacharias alitaka kuijenga ilikuwa ya sesiamu, metali laini inayoyeyuka kwa joto dogo tu. Tatizo alilolitambua ni la muda. Katika mitambo ya kawaida, atomi zilirushwa kwa ulalo na kupita mbele ya mawimbi kwa kasi ya zaidi ya mita 200 kwa sekunde. Zilikuwa zimekwisha kupita kabla hazijachunguzwa vya kutosha. Kadiri atomi inavyotazamwa kwa muda mrefu, ndivyo mtetemo wake unavyojulikana kwa usahihi zaidi.

Suluhisho lake lilikuwa la kushangaza kwa urahisi wake. Badala ya kuzirusha atomi kwa ulalo, alitaka kuzirusha wima, kwenda juu, ndani ya bomba refu la ombwe. Zile zilizo polepole zingepanda, zingepungukiwa na kasi, kisha zingeanguka kama maji ya chemchemi au jiwe lililorushwa na mtoto. Zingepita mbele ya mawimbi mara mbili, mara moja zikipanda na mara nyingine zikishuka. Muda kati ya mapito hayo mawili ungefikia sekunde nzima, badala ya sehemu ndogo ya sekunde.

Katika kazi hiyo alisaidiwa na kijana mmoja, Rainer Weiss, mzaliwa wa Berlin, ambaye alikuwa ameshindwa masomo yake MIT na kuajiriwa maabarani kama fundi. Zacharias hakumwuliza habari za alama zake. Alimpa bisibisi, nyaya na matatizo ya kutatua. Weiss alirudi darasani, akapata shahada ya udaktari mwaka 1962, na mwaka 2017 akawa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kugundua mawimbi ya mvutano. Alifariki mwaka 2025.

Bomba lilisimamishwa, ombwe likavutwa, sesiamu ikapashwa moto. Hakuna kilichorudi chini. Waliongeza urefu na kurekebisha mtambo, lakini bado hakuna kilichorudi.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Ndani ya bomba la Zacharias mambo yalikuwa kinyume. Hesabu ilikuwa imeonyesha kwamba katika kila kundi la atomi zitokazo tanurini, chache huwa polepole vya kutosha. Ambalo halikuhesabiwa ni kwamba hao wachache walifuatwa nyuma na wengi wenye kasi, ambao waliwagonga na kuwatupa kando. Aliyekwenda pole ndiye aliyeangushwa. Chemchemi ilikauka kabla haijabubujika.

Zacharias aliuacha mtambo huo. Lakini saa ndogo za sesiamu alizokuwa amezijenga pembeni, za kurusha atomi kwa ulalo, zilikuwa nzuri kiasi cha kuuzwa. Mwaka 1956 kampuni ya National ya Massachusetts ilizindua saa iliyoitwa Atomichron, kabati lenye urefu wa zaidi ya mita 2, saa ya kwanza ya atomi ya kuuzwa duniani. Mwaka mmoja kabla yake, huko Uingereza, Louis Essen na Jack Parry walikuwa wamewasha saa ya sesiamu iliyotegemewa katika upimaji. Kazi za watu hao ndizo zilizofanya mataifa yakubaliane mwaka 1967 kwamba sekunde moja ni muda wa mitetemo 9,192,631,770 ya atomi ya sesiamu.

Ama lile jaribio la mlima na bonde, wengine walimtangulia. Mwaka 1960 Robert Pound na Glen Rebka wa Chuo Kikuu cha Harvard walithibitisha utabiri wa Einstein ndani ya mnara wenye urefu wa mita 22.5 tu, kwa kutumia miali ya gamma.

Kutoka maabara hadi darasani

Mtu mwingine angeona uchungu. Zacharias alikuwa amekwisha kugeukia jambo lingine. Mwaka 1956 alimwandikia James Killian, rais wa MIT, pendekezo la kubadili ufundishaji wa fizikia katika shule za sekondari. Aliona kwamba wanafunzi walikuwa wakikaririshwa majina ya mashine na kanuni bila kuonyeshwa jinsi maarifa yanavyopatikana. Kamati aliyoiunda ilitayarisha kitabu, filamu na vifaa vya majaribio vya bei ndogo. Urusi iliporusha setilaiti ya Sputnik, Oktoba 4, 1957, Wamarekani waliingiwa na hofu ya kuachwa nyuma, na fedha za mpango huo zikamiminika. Kitabu kilitoka mwaka 1960 na kutafsiriwa katika lugha nyingi.

Mwaka 1961 shirika la elimu alilolianzisha pamoja na wenzake liliitisha mkutano wa majira ya kiangazi katika jumba la Endicott, karibu na Boston. Waafrika, Waingereza na Wamarekani walikaa wiki kadhaa wakijadili elimu ya nchi zilizokuwa zikipata uhuru. Swali lilikuwa zito. Nchi hizo zilirithi mitaala iliyoandikwa kwa ajili ya watoto wa Uingereza, na idadi ya wanasayansi wao ilikuwa ndogo mno.

Matokeo ya kwanza yalikuwa warsha ya hisabati iliyofanyika Entebbe, Uganda, mwaka 1962, na kufuatwa na nyingine. Walimu kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Ethiopia, Ghana, Nigeria na kwingineko waliandika vitabu vipya vya hisabati. Mwaka 1965, kwa mikutano ya Kano na Entebbe, ulianza Mpango wa Sayansi kwa Shule za Msingi za Afrika.

Mpango huo wa sayansi ulibeba fikra za Zacharias. Mtoto hakupewa ufafanuzi wa kukariri. Alipewa udongo, mbegu, vifuniko vya chupa, waya, maji na wadudu, akaachwa aulize na apime. Mizani ilitengenezwa kwa kijiti na kamba. Mwalimu alitakiwa asiwe mtoa majibu, bali msimamizi wa maswali.

Nchini Kenya mpango huo ulipita mikononi mwa Taasisi ya Elimu. Ulikuja wakati mwafaka, kwani ripoti ya tume ya Profesa Simeon Ominde ya mwaka 1964 ilikuwa imeitaka nchi iachane na kukariri kulikopita kiasi. Mtafiti Eleanor Duckworth alipoutathmini mpango huo nchini, aliwapa watoto vifaa na kuwaacha wavitumie wapendavyo. Waliopitia madarasa hayo walibuni mambo mengi zaidi na kuzama zaidi katika kazi zao kuliko wale ambao hawakuyapitia.

Lakini mbegu njema nayo huhitaji mvua. Walimu walikuwa na wanafunzi wengi na vifaa vichache, wazazi waliuliza kwa nini watoto wanacheza na mchanga shuleni, na mtihani wa mwisho uliendelea kupima kumbukumbu. Hisabati mpya nayo iliwatatiza wengi, na mwaka 1981 serikali ya Kenya iliiondoa shuleni. Wakosoaji walisema, na si bila haki, kwamba baadhi ya mambo hayo yalibuniwa mbali na darasa la mwalimu wa kijijini aliyetakiwa kuyatekeleza.

Zacharias mwenyewe aliuona mtihani kuwa kikwazo kikubwa. Baada ya kustaafu MIT mwaka 1970, alitumia sehemu ya nguvu zake kupinga mitihani ya kuwapanga watoto kwa alama moja. Mtu aliyetumia maisha yake kupima vitu kwa usahihi usio na kifani alikataa kuamini kwamba mtoto anaweza kupimwa kwa nambari moja. Alifariki Julai 16, 1986, akiwa na umri wa miaka 81.

Kidole juu ya mizani

Miaka mitatu baadaye chemchemi ilibubujika. Mwaka 1989, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Steven Chu na wenzake walifaulu kurusha atomi za sodiamu juu na kuzipokea zikishuka. Walichokuwa nacho, ambacho Zacharias hakukipata, ni miali ya leza. Leza zikielekezwa kwa atomi kutoka pande sita huzizuia kama upepo wa mbele unavyomzuia mwendesha baiskeli, hadi kasi yao hupungua na kuwa sentimita chache tu kwa sekunde. Kundi zima huwa la polepole, na hakuna wa kuwagonga wengine kutoka nyuma. Kisha hurushwa kwa pamoja, hupanda kiasi cha mita moja, na kushuka baada ya takriban sekunde moja.

Mjini Paris, Andre Clairon, Christophe Salomon na wenzao walijenga chemchemi ya sesiamu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kufikia mwaka 1995 ilikuwa saa kamili ya kupimia sekunde. Marekani iliwasha yake, NIST-F1, mwaka 1999.

Hata hivyo, mwanga uliowaokoa wanasayansi uliwaletea kosa jipya. Atomi ikiguswa na mwanga, ngazi zake za nishati husogea kidogo, na mtetemo inaouitikia hubadilika. Jambo hili lilikuwa limefafanuliwa huko Ufaransa na Claude Cohen-Tannoudji tangu mwaka 1961, katika maabara ya Alfred Kastler. Katika chemchemi, chembe chache za mwanga wa leza zinazovuja wakati atomi ziko hewani zinatosha kuiharibu saa.

Mnunuzi katika soko la Gakoromone mjini Meru angeelewa shida hiyo upesi. Mizani inaweza kuwa nzuri na mawe yake halali, lakini muuzaji akigusa sahani kwa ncha ya kidole, kilo si kilo tena. Mwanga uliovuja ni kidole hicho. Ubaya wake ni kwamba haubishi hodi: saa huendelea kwenda kwa utulivu, ila huenda kwa mwendo usio sahihi.

Njia za kukiondoa kidole hicho ni kadhaa. Ya kwanza ni mpangilio wa muda. Leza hufanya kazi yake ya kupooza na kurusha, kisha huzimwa, na atomi hupanda na kushuka gizani zikiguswa na mawimbi ya maikrowevu pekee. Leza huwashwa tena mwishoni, wakati wa kuhesabu ni atomi ngapi zimeitikia.

Lakini kupunguza mwanga si kuumaliza. Kwa hiyo huwekwa vilango vidogo vya chuma ambavyo hujifunga mbele ya leza kwa muda mfupi sana na kuukata mwali kabisa. Pamoja na hayo, rangi ya leza husogezwa mbali na ile inayopendwa na atomi, ili kitakachovuja kisiwe na nguvu ya kudhuru. Leza zenyewe huwekwa kwenye meza tofauti, na mwanga wake huletwa kwa nyuzi nyembamba za kioo, ndipo usitawanyike ovyo. Kuta za ndani hupakwa weusi na kuwekewa vizuizi ili ule uliopotea njia umezwe.

Mwisho huja hatua inayoonyesha uungwana wa sayansi hii. Wapimaji huacha mwanga uvuje kwa makusudi, mwingi kuliko kawaida, na kutazama saa inakosea kwa kiasi gani. Kutokana na kosa hilo kubwa hukadiria lile dogo lililobaki, na kulitangaza waziwazi pamoja na matokeo yao. Hawasemi kosa halipo. Husema haliwezi kuzidi kiwango fulani.

Hata kuta za chombo chenyewe hutoa mwanga usioonekana, kwa kuwa kila kitu chenye joto hutoa miali. Ili kulipunguza kosa hilo, Wamarekani walijenga chemchemi ya NIST-F2, iliyozinduliwa mwaka 2014, ambayo bomba lake hupoozwa hadi nyuzi 193 chini ya sufuri. Ilikadiriwa kwamba ingepoteza au kuzidisha sekunde moja tu katika miaka milioni 300. Kwa saa za aina hii, hata kimo cha maabara kutoka usawa wa bahari lazima kiingizwe katika hesabu. Tofauti ile ile ambayo Zacharias alitaka kuipandia mlima sasa husahihishwa kama jambo la kawaida la kila siku.

Urithi

Faida ya usahihi huo haiishii maabarani. Setilaiti zinazoonyesha njia hubeba saa za atomi, na kila ishara yake husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde humpotosha msafiri kwa mita 300. Mitandao ya simu nayo huhitaji wakati mmoja ulio sahihi. Magari ya miraa yatokayo Maua yakiwa na mafurushi yaliyofungwa kwa majani ya migomba hukimbizana na saa, kwa sababu miraa ikinyauka hakuna bei. Dereva akiuliza njia kwa simu yake, na mkulima wa Igembe akipokea malipo yake kwa simu hiyo hiyo, wote wawili hutumia wakati uliosahihishwa na chemchemi za atomi.

Upande wa shule, mjadala aliouchochea Zacharias haujafungwa. Kenya ilifanya mtihani wa mwisho wa KCPE mwaka 2023, na mtaala wa umilisi unamtaka mtoto atende, apime na aulize. Vyuo vya ualimu vya Meru, Egoji na Kigari, na vyuo vikuu vya Embu, Chuka na Meru, vimo katika eneo ambalo miaka 70 iliyopita lilifungiwa nyuma ya mitaro ya kafyu. Malalamiko ya walimu kuhusu wingi wa wanafunzi na uhaba wa vifaa ni yale yale yaliyoudhoofisha mpango wa miaka ya 1960, na wasipopewa jibu, historia inaweza kujirudia.

Bomba la Zacharias halikurudisha atomi hata moja iliyoweza kuhesabiwa. Ila lilimrudisha darasani kijana aliyefeli, na liliacha wazo lililosubiri zaidi ya miaka 30 hadi zikapatikana zana za kulitimiza. Alikufa bila kuiona chemchemi yake. Waliokuja baada yake walijifunza kuiwasha kwa mwanga, kisha wakajifunza jambo gumu zaidi, ambalo ni kuuzima mwanga huo kwa wakati unaofaa.